Jina Nililoliita Uwanjani

Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, halafu ukungu ukapanda kutoka bondeni ukakaa juu ya Newala kama mpangaji aliyelipa kodi. Nina baridi ya mwili na baridi ya roho. Leo nimempoteza Somoe.

Niandike kwa utaratibu, maana nikiandika kwa hasira nitafuta yote.

Nafundisha Michezo, darasa la sita. Kila Januari hunifika msiba uleule: wasichana wanarudi kutoka unyagoni wamefundwa, wana majina mapya na mwendo mpya, na uwanjani hawataki tena. Wanasema kukimbiakimbia ni mambo ya watoto. Wanakaa pembeni wamekunja mikono, wanatutazama kama wakwe. Mwaka huu nilijiapia kwamba nitambakiza mmoja tu. Mmoja angetosha, wenzake wangemfuata taratibu.

Huyo mmoja alikuwa Somoe, kwa jina lake jipya.

Nilijua nimvute kwa kitu gani. Siku hizi sifundishi tena ile ya kupanga mistari na kurushiana pasi ya kifua mpaka mikono iume. Nawagawa watatu kwa watatu kwenye kiwanja kidogo cha netiboli, nawapa mpira na tatizo lake: mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao, na mpinzani amemkaba. Wakikwama napuliza filimbi, kila mtu anasimama palepale alipo, nauliza: nani yuko wazi? Mbona mpira haujamfikia? Wakishaona wenyewe kwamba pasi ya juu ingepita, ndipo naifundisha pasi ya juu, na wanaishika upesi kwa sababu wanaihitaji. Mwalimu mkuu anasema tunacheza tu. Namwacha aseme.

Somoe si mwepesi wa miguu. Ila anaona. Anasogea kidogo kushoto, aliyemkaba anamfuata, na nafasi inafunguka kwa mwenzake. Hilo sikumfundisha mimi. Nadhani ndiyo maana alikubali kurudi baada ya unyago, kwa sababu mchezo wa namna hii mtu anaucheza kwa akili na heshima yake inabaki. Alikuja amefunga kanga juu ya sketi, akacheza kimya kimya. Baada ya siku chache wenzake kadhaa wakamfuata, nao kimya kimya. Nilifurahi kama mjinga.

Kimya hicho ndicho kilichoanza kunisumbua. Netiboli inaishi kwa kuitana, na sasa hakuna aliyekuwa anaita. Jina la utotoni baada ya unyago ni mwiko. Ukilitamka hata kwa bahati mbaya umetukana, na enzi za bibi zetu ulilipa kuku. Majina mapya nayo ulimi wa watoto haujayazoea, kwa hiyo wakaona heri kunyamaza kuliko kuteleza. Nikawaambia aliye wazi apige makofi. Wakapiga makofi, mpira ukatembea vizuri, nami nikajiona mwerevu.

Leo tulicheza na darasa la saba. Kina mama waliokuwa wanatoka bombani walitua ndoo zao wakatazama, na miongoni mwao alikuwepo mama yake Somoe, na pia kungwi aliyemfunda. Tulikuwa sare, muda unakwisha. Somoe akajisogeza kama kawaida yake, akabaki peke yake chini ya goli, akapiga makofi. Lakini kina mama nao kwa furaha walikuwa wanapiga makofi. Mwenye mpira hakumsikia, akageukia upande mwingine kabisa.

Nikapaza sauti nikamwita. Kwa jina la zamani.

Hata hapa silitaji.

Laiti ningekuwa mgeni ningejisamehe. Mimi ni Myao wa Masasi. Nimefundwa, nimepewa jina, na yuko jirani yetu mmoja aliyewahi kuniita la utotoni katikati ya soko, nikakaa mwaka mzima simsalimii. Nilijua kabisa uzito wake. Ila nimemjua huyu binti tangu yuko darasa la kwanza, jina lilikuwa limekaa mdomoni, likatoka lenyewe.

Somoe hakulia. Alivua kizibao cha timu, akakikunja vizuri, akakiweka chini ya mlingoti wa goli, akapita katikati yetu kwa ule mwendo waliofundishwa, polepole, macho chini. Kungwi akajitwisha ndoo yake bila kuniangalia.

Nani alishinda mechi, sikumbuki.

Jioni nilikwenda kwao na kuku. Mama yake, Mama Hamisi, ni mdogo kwangu. Aliniamkia, akanipa kigoda, akampokea yule kuku kwa mikono miwili.

"Yamekwisha, Mwalimu," akasema. "Ulimi hauna mfupa. Ila ujue huyu sasa ni ntu nzima."

Nikamwambia najua. Nikapumua, nikaomba kuzungumza na binti. Somoe akaja, akapiga goti, akaniamkia kwa heshima ambayo leo sikuistahili. Nikamwomba radhi. Akanisamehe haraka mno, kama mtu anayefunga mlango kwa adabu. Nikamwuliza kama kesho atakuja kucheza.

Akafikiri. Nilimwona akifikiri, kwa uso uleule wa uwanjani.

"Nikija, Mwalimu, watasema uliniita sawasawa."

Akirudi kucheza, anakubali mbele ya wote kwamba bado ni yule mtoto niliyemwita. Asiporudi, jina lake jipya linabaki salama, na wale walioanza kumfuata wanarudi pembeni kukunja mikono. Niliaga. Mama Hamisi alinisindikiza mpaka kwenye mikorosho, tukazungumza habari za mvua.

Sijala. Viatu vimejaa matope, nimeviacha mlangoni. Nimechoka na Januari zote hizi, na hii nimeiharibu mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ni mwalimu gani huyu, anayefundisha watoto kufikiri, halafu jioni anatamani mmoja wao angefikiri vibaya?