Kwa Chisato, Nyumbani kwa Orito

Kando ya Ziwa Shinji
14 Aprili

Mpendwa Kazuma,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliouumiza kwa kubeba mbao umeanza kupoa. Mimi sijambo, ila usingizi wangu ni wa mang'amung'amu.

Jibu la ofisi ya uhamiaji ya huko New Zealand limefika. Kwa kuwa hatujafunga ndoa, wanataka tuthibitishe kwamba tumeishi chini ya paa moja kama wenza. Wanataka hati ya makazi, mkataba wa nyumba, bili, barua tulizoandikiana, na ushuhuda wa familia. Mwisho ni tarehe 30 Juni. Bila hivyo, viza hakuna.

Kazuma, hati ya makazi ndiyo kazi yangu. Kila siku naichapa na kuigonga muhuri kwa ajili ya watu wa mji huu. Na yangu mwenyewe inasema naishi kwa baba, dukani, ng'ambo ya ziwa. Miaka mitatu nimelala ubavuni pako, na katika daftari la mji sijawahi kuhama. Sheria inampa mtu siku kumi na nne kutoa taarifa. Mimi ndiye ninayewakumbusha wengine.

Niliogopa baba asije akajua. Mkataba una jina lako peke yake, na bili zote vilevile. Hata kwenye kisanduku cha barua nilikukataza kuandika langu. Mama tu ndiye aliyejua, na ndiye aliyetutumia mchele kwa siri, kila Oktoba na kila Februari. Nilikuwa mwangalifu mno, na sasa uangalifu wangu unashuhudia kwamba sikuwepo.

Mswaki wako bado uko kwenye kikombe. Siutoi.

Wako,
Chisato


Dunedin
2 Mei

Kwa Karani wangu mwoga,

Salamu kutoka huku baridi inakoanza wakati kwenu wanavua makoti. Mgongo umepona, usiuulizie tena, utauamsha.

Nilicheka nilipoisoma barua yako, kisha nikaisoma tena. Basi tuoane tu! Sheria ya kwetu inataka mume na mke wawe na jina moja la ukoo, na baba yako anataka mkwe atakayeingia ukoo wenu wa Kurematsu ili duka lisife. Sawa, niandike Kurematsu. Jina ni koti. Mtu hulivua akavaa jingine.

Kama hutaki, basi mwombe baba ushuhuda. Nani mwingine anayejua vizuri kuliko yeye kwamba hukulala kwake? Usiseme "siwezi" kabla hujajaribu. Nakujua.

Nimepigilia misumari miwili nyuma ya mlango, wa koti langu na wa koti lako. Jana fundi mwenzangu alitundika kofia kwenye wako. Nikaitoa. Akaniuliza, "Ni wa nani?" Nikamwambia, "Wa mtu anayekuja." Akasema, "Tangu Machi unasema hivyo."

Mumeo asiyeandikishwa,
Kazuma

Kama afisa anaisoma barua hii: Mheshimiwa, mwanamke huyu hutia vitunguu maji katika kila chakula, hata uji. Nimevila miaka mitatu bila kulalamika. Ushahidi gani zaidi unautaka?


Kando ya Ziwa Shinji
23 Mei

Mpendwa Kazuma,

U hali gani na hiyo baridi? Vaa soksi mbili. Mimi mzima, namshukuru aliyebuni supu ya kome wadogo wa ziwani; asubuhi nyingine ndiyo pekee inayoshuka kooni.

Jina si koti. Nilimwona mama yako akiosha kaburi la baba yako, akipitisha kidole ndani ya kila herufi ya jina la Orito kutoa uchafu. Wewe ndiye Orito wa mwisho. Sitaki kukupata kwa kumnyang'anya yeye. Na langu pia sitaki kuliacha. Tulishalimaliza hili, usilifungue tena kwa sababu ya upweke.

Jumapili nilikwenda nyumbani. Baba alikuwa akipanga mawe ya kukandamiza miso, lile rojo la soya analouza dukani, juu ya mapipa.

"Umekonda," akasema bila kugeuka. "Huko ofisini wanakulisha karatasi?"

"Baba, nina jambo."

"Shika jiwe hilo kwanza. Si hivyo! Ukijiponda vidole, mihuri utaigonga kwa pua?"

Nikalishika jiwe. Tulipanga mawe ishirini na mbili. Ndipo akajifuta mikono na kuniuliza ni jambo gani. Nikasema nimekuja kuchukua miso. Akanipimia kilo mbili, akaifunga, akanikabidhi kama mteja.

Mama alinisindikiza hadi kituoni. "Mwandikie," akasema. "Baba yako akiangaliwa usoni huwa mkali. Akiwa na karatasi mkononi huwa mtu."

Basi nimemwandikia. Nimesema yote: wewe, chumba chetu, miaka mitatu, New Zealand. Nitaitia barua yake kwenye sanduku la posta pamoja na hii. Najua nitazisikia zikianguka, na nitatamani kuingiza mkono nikaitoa moja.

Jana mvua ilinyesha, nikaanika mashuka ndani, upande wako wa chumba. Nikayazunguka kama anavyozungukwa mtu aliyelala.

Wako,
Chisato


Dunedin
13 Juni

Chisato wangu,

Hujambo? Jibu hilo kwanza.

Wiki tatu hujaniandikia. Kwenye simu unasema "bado" kisha unaniuliza kuhusu hali ya hewa. Baba hajajibu, sivyo? Basi usimlaumu, na usijilaumu. Wakikataa mwaka huu tutaomba tena. Naweza kungoja.

Hilo la mwisho nimelifuta mara mbili na kuliandika tena. Si kweli sana. Jioni nikitoka kazini hupita njia ndefu, kwa sababu nyumba yenye taa isiyowashwa ina uzito wake.

Msumari wako upo palepale.

Mumeo asiyeandikishwa,
Kazuma


Kando ya Ziwa Shinji
25 Juni

Kazuma,

Mimi mzima. Leo ni kweli.

Juzi kwenye dirisha langu iliitwa namba 47, na aliyeinuka ni baba. Amevaa koti jeusi, lile la harusi na mazishi.

"Habari za kazi, Bi Karani."

"Baba..."

"Nimechukua namba kama watu wote. Nimekaa dakika arobaini. Mnajikokota." Akaketi. "Mimi ni mkuu wa kaya. Katika kaya yangu ameandikwa mtu asiyekaa kwangu. Nimekuja kutoa taarifa."

"Tangu lini?" niliuliza, kwa kuwa fomu inauliza hivyo.

"Tarehe unayo wewe. Andika ya kweli."

Nikaiandika. Mkuu wetu wa kitengo, Bwana Nosaka, alikuja akaisoma begani mwangu.

"Miaka mitatu!" akasema, ofisi nzima ikasikia. "Karani wa makazi asiye na makazi!" Kisha akaweka muhuri wake. "Utaandika maelezo ya kuchelewa. Faini ikija utalipa. Namba 48!"

Baba akasukuma bahasha chini ya kioo, akavaa kofia, akaondoka. Barua iliyomo nimeipiga picha na kuituma uhamiaji na mengine yote. Nakunakilia hapa, kwa sababu siwezi kuibeba peke yangu:

"Kwa Afisa. Mimi ni Kurematsu Yasunori, mtengeneza miso, baba wa Chisato. Binti yangu aliishi na Bwana Orito Kazuma miaka mitatu. Kwangu alilala sikukuu za mwaka mpya tu. Mke wangu alidhani sijui. Aliwatumia mchele mara mbili kila mwaka, na juu ya sanduku aliandika: Kwa Chisato, nyumbani kwa Orito. Yeye mgongo humuuma, hivyo masanduku niliyapeleka mimi kwa msafirishaji. Alidhani sitasoma anwani; kila mara niliisoma kabla ya kukabidhi. Stakabadhi sita naziambatisha. Kila sanduku lilikuwa la kilo kumi. Mtu mmoja hamalizi mchele wote huo. Mambo haya siyakubali. Lakini ni ya kweli."

Chini amegonga muhuri wa duka, wino mwingi, umevuja kidogo.

Mkeo asiyeandikishwa,
Chisato


Kando ya Ziwa Shinji
8 Septemba

Mpendwa Kazuma,

Natumaini u mzima na kwamba huko majani yameanza kuchipua.

Viza imetoka, na kwenye simu jana tulilia tu, kwa hiyo naandika. Leo nimetoa taarifa ya kuhamia nje ya nchi, kwenye dirisha langu mwenyewe, nikiwa upande wa pili wa kioo. Nilichukua namba. Bwana Nosaka aliigonga muhuri mwenyewe akasema, "Safari hii umewahi."

Mswaki wako nimeutupa. Utanunuliwa mwingine, na wangu.

Sanduku la saba limetangulia wiki iliyopita: miso, kilo nne, imefungwa kwa matambara ya mama. Anwani ni ileile, ila mji tu umebadilika. Angalia mwandiko. Safari hii ameandika baba.

Usiijibu barua hii. Jibu lako halitanikuta hapa.

Mkeo,
Chisato