Jina Nililompa Kiranja

Paskalina,

Hili sijamwambia mtu, hata padri: siyo Rama aliyekutaja kwa kiranja. Ni mimi.

Nimekaa nalo tangu kidato cha pili na sasa linanuka. Sina neno lingine.

Unakumbuka siku ile nilikuwa nimevaa kibao. Ile mbao ya kuwavika wanaosema Kiswahili shuleni, kamba yake imekuwa nyeusi kwa jasho la shingo za watu, na hakikutoki mpaka umsikie mwenzako akisema Kiswahili, ukamtaje. Anayekutwa nacho Ijumaa anaosha vyoo. Mimi ambaye hata ruhusa ya kwenda nje nilikuwa naogopa kuiomba kwa Kiingereza, nilijua vyoo ni vyangu.

Wewe ulikuwa unanielekeza gerunds na participles, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, maana kwa Kiingereza sikuwa naambulia kitu. Ulisema, "Sikia, wewe. Hiki ni kitenzi kilichoacha shamba lake kikaenda kufanya kibarua kwa jirani. Washing dishes is work. Kuosha vyombo ni kazi. Kimekaa kwenye kiti cha nomino, lakini ona, bado kimeshika vyombo vyake mkononi. Hakijaacha kuwa kitenzi." Kisha ukaligonga dawati letu, lile lenye mguu wa kupigiliwa misumari. Broken desk. Hapo, ukasema, kibarua chake ni kivumishi. Ukacheka: "Wazungu wana haraka, sisi mpaka tuseme dawati lililovunjika."

Nikaelewa. Mara ya kwanza kabisa nikaelewa. Kengele ilipolia nikamfuata kiranja nikamwambia, "I heard Paskalina speaking Swahili." Sikutetemeka. Ile speaking niliiweka mahali pake, kama ulivyonifundisha dakika kumi kabla. Nikikumbuka hilo mate machungu yananijaa mdomoni.

Ijumaa ukaosha vyoo, vyetu na vya wavulana. Nilisimama mlangoni nimeziba pua kwa sweta. Pole, nilikuambia. Nilisema pole.

Darasa zima likaamua ni Rama, kwa kuwa alikaa nyuma yetu, na kwa kuwa wazazi wake ni vibarua kutoka Singida, kule kwenye shamba la kahawa. "Watu wa kuja hao," walisema, "mdomo kama redio." Hata wewe ulimwambia, "Nisikuone karibu yangu, takataka." Akajibu tu, "Siyo mimi, dada." Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Ilikuwa imeshafungwa.

Likizo homa ikakuchukua, siku nne tu. Tulikwenda kwa lori kukuzika kwenu Kansay, na Rama alipotaka kupanda, wavulana wakamwambia hakuna nafasi. Nafasi ilikuwepo. Ilikuwa pembeni yangu. Halafu mama yako akanikumbatia, akaniita mwanangu, na mimi nikakubali kuitwa.

Jana madam wa Kiingereza alinisimamisha nieleze gerunds na participles. Nikakieleza kibarua chako chote, na vyombo vyake mkononi. Akauliza wazo ni la nani. Nikasema langu. Wakanipigia makofi. Rama peke yake hakupiga. Aliniangalia kama mtu anayeangalia kitu alichokikanyaga. Nikatoka nje nikatema, nikatema tena, ladha haikuisha.

Sasa wenzangu wako uwanjani, mimi niko darasani peke yangu. Magari ya watalii yanarudi kutoka kreta, kule kwenye wanyama, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye karatasi hii. Kila nikisikia hatua naificha chini ya daftari.

Jumatatu mstarini nitasema mbele ya wote kwamba ni mimi, na kwamba yale maelezo ya jana ni yako. Nitasema kwa Kiswahili, asiwepo wa kudai hakuelewa. Wakinivika kibao nitakivaa, na sitamtaja mtu. Likizo nitakwenda Kansay kwa mama yako, ingawa huko ndiko ninakoogopa zaidi.

Lala, Paskalina. Sikuombi msamaha leo, kwa sababu bado sijafanya chochote.

Kuna ndoo inagongwagongwa huko varandani. Ni zamu ya Rama kudeki darasa. Hatua zake nazijua, raba yake moja imeachia soli. Amefika mlango wa pili. Karatasi iko juu ya dawati letu, na daftari nimelirudisha kwenye begi.