Vichwa Vilivyomngoja Kinyozi

3 Machi

Mwanangu kipenzi,

Salamu zikufikie wewe, mumeo na huyo mgeni wetu mchanga. Simu ilikuwa mambo ya baba yako; mimi naiweza kalamu. Kidonda cha upasuaji kinaendeleaje? Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kwa kusimama nikipokea pole.

Baba yako tumempumzisha jana. Usijilaumu. Daktari alikukataza kusafiri, na baba mwenyewe angekukataza kabla ya daktari. Watu walijaa mpaka barabarani. Katikati ya kilio nikainua macho, nikaona ajabu: wanaume wa mtaa mzima vichwa vichaka! Mwashi, mwalimu mkuu, muuza mkaa, wote ndevu hadi kifuani.

Nikamnong'oneza mwashi, "Shemeji, mmekubaliana nini?"

"Hatukukubaliana, shemeji. Tangu kinyozi wetu augue, kila mtu alikuwa anamngoja apone."

Mwanangu, nikacheka mbele ya jeneza. Shangazi yako akanifinya.

Mama yako


20 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Uvimbe wa miguu umepungua? Kidonda changu kimefunga, na mtoto ananyonya kama vile kesho maziwa yanapigwa marufuku.

Barua yako nimeisoma nikilia na kucheka kwa pamoja, mume wangu akadhani homa imenipanda kichwani. Mama, nina mawili. Kwanza, nisimulie mlivyokutana. Kila nilipomuuliza baba, alijikohoza akaanza kunoa wembe. Pili, funga duka la baba la kunyolea uje ukae nasi. Chumba kipo, kitanda tumeshakitandika. Huko utabaki unazungumza na kuta?

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Miguu imerudi kuwa miguu. Mbusu mjukuu wangu mashavu yote mawili.

Baba yako aliitwa nyumbani kwetu kumnyoa babu yako alipovunjika nyonga. Mimi nikaleta maji ya moto. Kijana wa watu akaniangalia mimi badala ya kuangalia kazi, na nusu ya sharubu za babu yako zikaenda na wembe. Babu akashika kioo, akajitazama weee, kisha akasema, "Sharubu zitaota. Ila wewe usirudi hapa mpaka uje na wazee wako." Wiki haikuisha, akaja nao.

Kuhusu duka, nilikwenda kweli kulifunga. Nikiwa nakunja mataulo, mwashi akaingia, akaketi kwenye kiti.

"Shemeji, kinyozi hayupo."

"Najua. Nimekuja kukaa tu."

Nikaendelea kukunja. Baadaye akaniuliza, "Alipokuwa kitandani, nani alikuwa anamnyoa yeye?"

"Mimi."

"Basi."

Ni kweli, baba yako alinifundisha akiwa amelala: "Usikandamize. Wembe una uzito wake." Nikashika mkasi. Mwanangu, kile kichwa kilitoka na ngazi! Mwashi akajigeuza kwenye kioo huku na huku, akasema, "Hakuna haja ya kuvaa nguo nyeusi. Wakiniona tu watajua nimefiwa."

Kesho yake wakaja wengine. Bado sijafunga.

Mama yako


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sisi tuko salama, natumaini nawe u salama.

Umri wako si wa kusimama kutwa. Au ni kwangu ndiko hutaki kukaa? Baba amekwenda bila mimi kupata hata neno lake la mwisho. Naogopa kukukosa na wewe. Nijibu upesi.

Mwanao


2 Julai

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Mko wazima? Niwie radhi kwa kimya kirefu. Sikuumwa, kila barua niliyoianza niliichana.

Kuna mzee, fundi cherehani, hatoki kitandani na macho yamefifia. Kila Jumapili baba yako, akishaongea nawe kwenye simu, alikwenda kumnyoa. Juzi nikajipa moyo, nikaenda. Kusikia mkasi tu akasema, "Rafiki yangu, umepotea! Binti kasemaje? Kwake kunanyesha?"

Nikamwambia ni mimi. Machozi yakamtoka, nikayafuta pamoja na povu. Ndipo akanieleza kwamba siku moja alimtania baba yako kwa kuzungumza na mwanawe habari za mvua tu. Baba yako akamjibu, "Mimi maneno makubwa sina. Namuuliza mvua ili asikate simu haraka."

Basi, mwanangu, usiseme hukupata neno.

Nilipomaliza, mzee akajipapasa kidevu. "Hapa umeruka. Lakini mkono mwepesi. Jumapili utakuja?" Nikaitikia kabla sijafikiri.

Nitakuja kwako mwisho wa mwaka, nimpakate mjukuu mpaka anichoke, kisha nitarudi. Si kwamba nakukataa. Kila anayeketi kwenye kile kiti ana habari ya baba yako ambayo sijawahi kuisikia. Nimelala naye chumba kimoja ujana mpaka uzee, na bado namjua upya. Niache kwanza nimsikie mpaka mwisho.

Naishia hapa. Muuza mkaa nimeshamfunga shuka shingoni, na anasema habari yake ni ndefu.

Mama yako