Choo cha Ndani ya Tembe

Dongobesh, Mbulu

Baba, shikamoo.

Naomba barua hii ikukute kifua kimetulia, na mama awe ameacha kwenda mtoni peke yake. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma na baridi ya huku sijaizoea. Naandika kwa sababu kwenye simu hunisikii, na habari hii nataka uisome mwenyewe, polepole.

Tangu mavuno ya ngano yaishe kule Basotu nimekuwa kibarua huku milimani, kwa mtu anaitwa Paskali. Ana nyumba mpya ya bati, lakini mama yake, bibi mmoja mwenye goti bovu, amekataa kuhamia humo. Anataka tembe yake ya zamani, nyumba ya paa la udongo alimoolewa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa banda la ndama. Basi Paskali akaamua kuikarabati, ndani aweke bafu na choo cha kukaa, bibi asihangaike na choo cha nje kule mwisho wa shamba.

Tembe hiyo, baba, imechimbwa ndani ya kilima. Ukitoka mlango wa mbele ardhi inateremka. Ukizunguka nyuma unasimama juu, karibu na paa. Hata mtoto anaona maji machafu yatoke upande gani. Lakini Paskali hakutaka shimo la choo mbele, kwenye uwanja wanapokaa wageni. Fundi wake Erasto, mtu wa mjini, akasema, "Hakuna shida bosi, tunalipeleka nyuma. Tunachimba chini tu."

Tulichimba siku mbili tukakuta mwamba. Erasto akasema kina cha mtaro kinatosha. Nikachukua ule mpira wangu unaoonyesha ndani, nikaujaza maji kama ulivyonifundisha, nikapima huku na huku. Nikamwambia, "Fundi, bomba likipita hapa linapanda. Maji hayatatoka."

Akaunyanyua mpira mbele ya vibarua wote. "Huu wa kunyweshea ndama?"

"Ndiyo levo yangu ya kupimia. Baba alinifundisha."

"Baba yako huko Kigoma alijenga choo gani, zaidi ya shimo na magogo mawili? Mwambie aje, nitampa kazi ya kubeba maji."

Walicheka sana. Mmoja alicheka mpaka akakalia ndoo. Wewe, baba, uliyejenga zahanati na nyumba ya mchungaji kwa mikono yako. Nikaukunja mpira, nikarudi mtaroni. Toka hapo nikawa kibarua mtiifu kuliko wote.

Wenzangu walipokwenda kula, nilipima bomba tena. Mwisho wake ulikuwa juu kuliko mwanzo kwa vidole vinne. Nikalifukia mwenyewe, nikashindilia udongo vizuri. Nikabeba zege. Erasto akipanga marumaru nyeupe, nilimpa moja moja: "Hii hapa, fundi." Sijawahi kufanya kazi kwa furaha namna ile.

Siku ya kufungua, katekista alibariki, na wageni wakaingia mmoja mmoja kujaribu. Maji yalishuka. Erasto akanikonyeza, "Vipi, mtu wa Kigoma, yamegoma?" Nikacheka naye. Nilijua bomba litameza kidogo kabla ya kutapika.

Lilitapika siku ya tatu asubuhi, kupitia tundu la sakafuni, bibi akiwa amekaa kwenye kigoda anaoga. Uchafu wa wale wageni wote ulimzunguka miguu, na kwa goti lile hakuweza kusimama. Mke wa Paskali ndiye aliyemtoa.

Hilo sikuwa nimelifikiria, baba. Niliwaza uso wa Erasto tu.

Na uso wake niliuona. Aliitwa, akaninyooshea kidole: "Huyu ndiye aliyefukia." Nikafukua bomba, nikaleta mpira. Paskali akashika upande mmoja, mimi mwingine, majirani wakitazama, na kila mtu akaona maji yalipokaa. Erasto akakusanya vyombo vyake bila kuinua kichwa. Nikamwuliza kwa sauti, wote wasikie, "Fundi, bado unamhitaji baba aje kubeba maji?" Akabeba vyombo, akaondoka. Utamu wa swali lile ninao mpaka leo.

Ila Paskali akanigeukia. "Wewe ulijua?"

"Nilijua tangu tunafukia."

"Na hukusema?"

"Nilisema mara moja. Nikachekwa."

"Mama yangu alikucheka lini?"

Bibi yule alikuwa ananiwekea kikombe cha maziwa kila asubuhi, kabla watu wa nyumba yake hawajanywa.

Paskali alitaka kunifukuza. Bibi akakataa. Alisema kwa Kimbulu, wakanitafsiria: aliyejua ndiye achimbe, peke yake. Sasa nimevunja sakafu ile, nachimba mtaro kwenda mbele, kwenye mteremko, katikati ya uwanja wa wageni. Mpaka nimalize, bibi anakwenda choo cha nje kwa fimbo, mara nne au tano kwa siku, na njia yake inapita hapa mtaroni. Kila akipita natoka shimoni, navua kofia, nasema, "Shikamoo, bibi." Haitikii. Anapita tu.

Kwa Erasto sijuti hata kidogo. Ningeweza, ningemkalisha yeye kwenye kile kigoda.

Nisalimie dada anayenilelea mtoto, kaka na shemeji, na mjomba wa kanisani. Mke wangu mwambie nitakuja nikimaliza mtaro huu, si kabla.

Mama akiuliza habari za huku, msimulie ya Erasto. Ya bibi usimwambie.

Mwanao akupendaye,
Filimoni