Lori la Mahindi Yasiyokauka

Umoja, Nairobi
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kabla sijasema lolote, niambie goti lako linaendeleaje. Bado linakusumbua ukipanda kutoka mtoni, au ile dawa ya kuchua niliyokutumia imelituliza? Na Kukhu je, bado anasusa chakula mpaka aone samaki? Mwambie mjukuu wake anamkumbuka, na kwamba huku mjini sijapata mtu wa kunigombeza vizuri kama yeye. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nakula vizuri na bado naimba kwaya, ingawa sauti yangu unaijua mwenyewe.

Mama, katika barua iliyopita nilikuandikia kwamba kazini mambo ni shwari. Nilikuficha. Sikutaka uanze kuzunguka na wasiwasi shambani, lakini sasa yamepita, basi acha nikueleze yote.

Unajua kazi yangu pale kiwandani ni kukaa langoni. Lori la mahindi likija, nachoma magunia kwa bambo, kile chuma chenye mfereji kama ukucha, natoa punje, nazitazama, nazinusa, naziuma. Nikiona mahindi hayajakauka, naandika kwenye karatasi, na meneja ndiye anayeamua. Mwaka jana mahindi yalipoadimika kwa ajili ya ukame, kila kiwanda kilikuwa kinagombania chochote kilichoitwa punje. Hapo ndipo lilipokuja lori moja la rafiki ya meneja. Mama, nilitia mkono ndani ya gunia nikahisi joto, kama la uji uliofunikwa. Niliandika kwamba yarudishwe. Meneja alisoma, akakunja ile karatasi, akasema, "Nekesa, kuku hawana meno. Shusheni." Nami nikanyamaza. Yakashushwa, yakasagwa, yakatiwa kwenye chakula cha kuku.

Sasa, ukuta wangu unapakana na wa Mama Wanjiru. Nimewahi kukuandikia habari zake: ndiye aliyenikaribisha nilipohamia hapa, akanipa jiko lake nitumie hadi nilipopata langu. Aliongeza banda nyuma ya nyumba akawa anafuga kuku wa mayai. Alinunua chakula chetu kwa sababu mimi nafanya kazi pale. Alikuwa akiwaambia akina mama wa kanisani, "Hicho kinapitia mikononi mwa Nekesa." Wiki chache baada ya lile lori, kuku wake wakaanza kusinzia, mabawa chini, wakawa wanakufa watatu, wanne kwa siku, mpaka banda likawa tupu. Alilia nami nilisimama naye. Nilimsaidia hata kuwafukia. Lakini sikumwambia nilichokijua.

Basi mwezi uliopita ukafika mkutano wa kila mwaka wa wasagaji wa nafaka na watengenezaji wa chakula cha mifugo. Unafanyika katika hoteli moja kubwa mjini, siku tatu, na watu wanatoka kila pembe ya nchi: wenye vinu vikubwa, wenye posho mili za vijijini, wauza magunia, wauza dawa za wadudu, hadi Wazungu wenye mashine. Kila kampuni inapewa meza yake. Aliyepaswa kusimama kwenye meza yetu aliugua malaria, na meneja akaniambia niende mimi, kwa kuwa najua kueleza. Sikuwa na viatu vya kuingia mahali kama pale. Mama Wanjiru akanipa vyake vyeusi vya harusi, akavipiga rangi mwenyewe hadi vikang'aa. "Nenda ukatuwakilishe," akasema. Hebu fikiria nilivyojisikia.

Siku ya kwanza ilikuwa raha, siwezi kudanganya. Zulia lile, mama, unatembea husikii nyayo zako. Mzee mmoja msagaji kutoka upande wa Kitale alikaa kwenye meza yangu karibu saa nzima tukizungumza habari za mbegu kama jamaa waliokutana matangani baada ya miaka mingi. Nilikula nyama mara mbili. Niliweka mkate kwenye mkoba, usiniseme.

Siku ya pili ndipo tulipokaa wote katika ukumbi kusikiliza mtaalamu mmoja. Alizungumza Kiingereza kirefu kuhusu kuvu linaloota ndani ya mahindi yakihifadhiwa na unyevu, jinsi linavyoua mifugo polepole. Hapo alisema kweli. Halafu akasema kwamba wafugaji wadogo wa mitaani wakipoteza kuku, mara nyingi ni uchafu wa mabanda yao. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Nilimkumbuka Mama Wanjiru na ufagio wake, jinsi alivyokuwa akifagia lile banda asubuhi na jioni, damu ikanipanda.

Yule mzee wa Kitale akainuka akauliza, "Sisi tusio na mashine ya kupimia unyevu, tufanyeje?" Mtaalamu akamjibu kwamba bila mashine ni kubahatisha tu.

Mkono wangu ukainuka, mama. Sijui nani aliuinua. Mwenyekiti akanipa nafasi, nikaomba niseme Kiswahili, akasema sawa. Nikawaambia mama yangu hupima mahindi kwa chumvi, na hajawahi kuozesha hata gunia moja. Wengine wakacheka, lakini mwenyekiti akasema, "Hebu tuonyeshe." Nikachukua gilasi kavu, nikatia konzi ya mahindi kutoka kwenye meza ya maonyesho na chumvi kavu kidogo, nikafunika kwa kisahani, nikatikisa vile ulivyotufundisha, bila haraka. Tukaiacha hapo mezani maswali mengine yakiendelea. Baadaye nikaiinua wote waone. Chumvi ilikuwa imeanguka yote chini na kioo kilikuwa safi. Nikasema, "Haya ni makavu. Yangekuwa na maji, chumvi ingeganda ukutani." Kicheko kiliisha. Wengine walikuwa wanaandika!

Ningekaa chini hapo, ningerudi nyumbani na sifa zangu. Lakini yule mzee akaniuliza kwa upole kabisa, "Binti, na kwenu kiwandani mnapima hivyo kila lori?"

Meneja wangu alikuwa ameketi safu ya pili. Aliniangalia, akatabasamu, akingoja niseme ndiyo. Mama, nilikuwa nimesimama ndani ya viatu vya mwenye kuku waliokufa. Nikasema, "Napima. Lakini kupima si kukataa. Mwaka jana nilisema lori moja lirudi, likashushwa. Kuku walikufa katika banda safi kuliko jiko langu."

Mwenyekiti akakohoa, akasema twende tukanywe chai. Hakuna aliyekuja kunywa chai karibu nami, isipokuwa yule mzee. Aliniletea kikombe. Na kijana wetu wa stoo, Otis, aliyekuja kubeba magunia ya maonyesho, alinipitia akaninong'oneza, "Siste, leo umewachoma! Lakini tafuta kazi ingine."

Meneja hakunisemesha hadi Jumatatu. Akaniita ofisini, akaniambia nimemvua nguo hadharani. Nikamjibu, "Ni kweli, mzee, na kwa hilo naomba radhi. Lakini sikusema uongo." Akanitoa langoni, akanipeleka kushona midomo ya magunia. Nilishona wiki tatu, vidole vikapasuka. Nilikuwa nimeshajiandaa kurudi nyumbani.

Kumbe wanunuzi waliosikia habari za mkutano walianza kupiga simu wakiuliza, yule msichana wa chumvi bado yuko langoni? Wasipopata jibu, hawaagizi. Siku moja asubuhi meneja akaja mwenyewe pale nilipokuwa nashona, akanipa bambo langu. Hakuomba msamaha. Alisema tu, "Ukisema lirudi, litarudi." Na tangu siku hiyo yamerudi mawili, moja likiwa la yule yule rafiki yake.

Lakini si kazini kulikokuwa kugumu, mama. Kugumu kulikuwa ng'ambo ya ukuta. Jioni ile ile ya mkutano nilimrudishia Mama Wanjiru viatu vyake, nikamweleza yote, tangu joto la lile gunia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, "Ulinisaidia kuwafukia ukijua?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akachukua viatu akafunga mlango. Kwa muda wa mwezi hakunisalimia. Nikianika nguo, anaingia ndani. Kanisani alihamia benchi la mbele. Sikumlaumu. Kila asubuhi nilibisha nikasema, "Mama Wanjiru, umeamkaje?" kisha nikaenda kazini.

Jana mchana nilikuwa nafua nikasikia mtu anaita, "Nekesa! Mikono yako ina kazi gani?" Alikuwa amesimama langoni na boksi lenye matundu, linalia piu piu kila upande. Vifaranga wapya. Tulibeba pamoja hadi kwenye banda, tukawatoa mmoja mmoja na kuwachovya mdomo kwenye maji ili wajifunze kunywa. Hakutaja yaliyopita. Tulipofika kwa yule wa mwisho, mdogo kuliko wote, akamweka kiganjani mwangu.

"Huyu ni wako," akasema. "Akifa, nitajua pa kubisha." Kisha akacheka, mama, kile kicheko chake cha zamani kinachosikika hadi dukani, nami nikacheka huku machozi yananitoka.

Basi nisalimie Baba, mwambie asiuze mahindi yake kabla hayajalia kama kokoto. Nisalimie kaka yangu Wafula na mkewe, na mtoto wao ambaye bado sijambeba. Shangazi wa ng'ambo ya mto umpe mkono wangu, na mwalimu wangu wa darasa la nne akipita sokoni. Kukhu umkumbatie polepole, kwa niaba yangu.

Nakupenda, mama. Uwe na amani.

Ni mimi mwanao, mwenye kuku mmoja mjini,
Nekesa