Jina Ambalo Melvin Hakulitaja

Shiro, huyu Melvin wa podikasti atanitoa roho!

Leo ametoa kipindi kuhusu yule mtoto wa jirani yetu hapa Kitengela aliyedhulumiwa. Akaanza kwa kujigamba, "Jina la mtoto silitaji. Namlinda."

Halafu kipindi kizima anamwita mamake Mama Valerie! Mama Valerie alilia, Mama Valerie akaenda polisi. Mama VALERIE, Shiro! Sasa hapo amelinda nani?

Mama wa watu amefunga kibanda chake cha nyanya, akaenda kumtoa msichana wake shuleni. Saa hii ameandika kwa grupu ya WhatsApp ya ploti yetu: "Kuanzia leo niiteni Akoth."

Nikampigia Melvin. "Futa hiyo kitu, Akoth anaumia!"

Akaniuliza, "Akoth ni nani?"