Kipande cha Mama Yake

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa tatu
Vipande sita leo, vyote kansa ya matiti. Labo kubwa ya mbali itasoma ndani yao jeni moja tu, ya kipokezi cha homoni. Jeni hiyo ikiharibika, kidonge cha kuzuia homoni hakimusaidii tena mugonjwa. Formoli yetu, dawa ya kuhifadhi vipande, imezeeka, inanuka vibaya. Nimekata kila kipande mara mbili: nusu ndani ya formoli, nusu ndani ya lutuku, pombe ya Wamaza, ile kali, ya kupikwa mara mbili. Nimeiwasha kwanza. Moto wa buluu, alkoli inatosha. Inafaa.

Alhamisi, tarehe 6
Dokta wa upasuaji amenusa chupa zangu. Akatoka barazani, mbele ya wagonjwa wote: "Huyu mama anafunga Ramadhani na lutuku." Wakacheka. Na mimi tangu alfajiri hata maji sijameza! Ameniamuru nimwage. Nimemwaga ndoo ya maji. Chupa nimezificha nyuma ya glavu.

Ijumaa, tarehe 7
Habari imefika msikitini kabla yangu. Baba hakugusa futari. Ninamuchukia yule dokta. Nimeomba Mungu amuaibishe mbele ya watu walewale, na sitaki toba.

Jumatatu, tarehe 24
Dokta ameleta kipande cha mama yake mwenyewe, kutoka Salamabila. Uvimbe umerudi, na kidonge anameza kila siku. Kipande kimewekwa ndani ya formoli, kwa amri yake. Alipoondoka nimekata nusu, nikaitia ndani ya lutuku. Si kwa huruma. Nilitaka siku moja niwe na kitu anachokitafuta.

Jumanne, tarehe 13, mwezi wa tano
Labo imejibu. Vya formoli vyote havisomeki, jeni imekatikakatika. Wanauliza kama tuko na vingine. Nimecheka peke yangu hadi machozi.

Jumatano, tarehe 14
Amekuja mwenyewe, sauti chini. "Mama Zaituni, cha mama kiko?"
"Kiko. Lakini lutuku ya kukisafirishia imeniishia. Ijumaa utaniletea bidoni nzima ya lita tano kwa mukono wako, kwa miguu, kupitia sokoni. Watu wakitoka kusali."
Ndege ya Alhamisi, ya mara moja kwa wiki, itaondoka kesho bila chupa yangu. Iondoke.

Ijumaa, tarehe 16
Amepita. Soko zima limemuona. Mbele ya duka la baba amesimama, akamuambia baba bidoni ni ya labo, na binti yake hanywi. Baba amekula vizuri leo. Nimeshiba na mimi.

Jumatano, tarehe 18, mwezi wa sita
Nusu zangu zote zimesomeka. Jeni ya mama wa dokta imeharibika, kwa hiyo kidonge kilikuwa cha bure. Atapewa dawa nyingine.

Mama huyo alikaa barazani, mwembamba. Ameniomba nimufunge kitambaa cha kichwa vizuri, mukono wake haupandi tena. Nimemufunga. Ameniita binti yangu, akashukuru kwa kazi ya haraka.

Mutoto wake sijamusamehe. Lakini ile wiki ya ndege ilikuwa ya huyu mama, na mimi ndiye nimeichukua.